Mkataba wa mwalimu ukifika ukomo Desemba

Kila mwaka shule zinapofungwa, kati ya mwishoni mwa Novemba na wiki za mwanzo za Desemba, wapo walimu wa shule binafsi Tanzania Bara wanaopokea barua ya aya moja. Haitaji kosa wala sababu. Inaeleza kwamba mkataba utafika ukomo tarehe 31 Desemba, kwamba shule haina mpango wa kuuhuisha, kisha inamtakia mwalimu kila la heri. Wengine hata hiyo aya hawaipati. Wanasubiri simu, na Januari wanasikia kwa mwenzao wa ofisi ya walimu kwamba vipindi vyao vimeshapewa mtu mwingine. Wengi huchukua vyeti vyao na kuanza upya kuzunguka na bahasha, kwa kuwa tangu siku ya kwanza wameambiwa kwamba mkataba ukiisha, umeisha.

Kauli hiyo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki inawagharimu walimu haki zao. Sheria yetu inatambua kwamba kuna mazingira ambayo kuacha mkataba ufe bila kuuhuisha ni sawa na kumwachisha mtu kazi. Tatizo ni kwamba imempa mwalimu mzigo wa kuyathibitisha mazingira hayo, wakati karatasi nyingi ziko kwenye kabati la mwajiri. Matokeo yake, haki ya mwalimu huamuliwa na alichotunza na alichoandika kati ya Januari na Novemba, kabla barua haijaja. Wengi wanalijua hilo wakiwa wameshachelewa.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 36(a)(iii) kama kilivyotungwa, inapoeleza maana ya kusitisha ajira inataja pia mwajiri kushindwa kuhuisha mkataba wa muda maalumu kwa masharti yaleyale au yanayofanana nayo, pale ambapo kulikuwa na matarajio yenye msingi kwamba ungehuishwa. Mwajiri hajamfukuza mtu, hajatamka neno, ameacha tarehe ipite tu. Hata hivyo anaweza kuhesabiwa kuwa amesitisha ajira. Akishahesabiwa hivyo, anadaiwa yote anayodaiwa mwajiri yeyote aliyemwachisha mtu kazi, yaani sababu halali na utaratibu wa haki.

Mlango huo unabanwa na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42. Kanuni ya 4 inasema kwamba mkataba wa muda maalumu hukoma wenyewe muda wake ukiisha, isipokuwa mkataba wenyewe useme vinginevyo. Inaendelea kukubali kwamba mkataba unaweza kuhuishwa bila maandishi mapya ikiwa mfanyakazi ameendelea na kazi baada ya muda kwisha na mazingira yanaonyesha hivyo. Kisha inasema kutouhuisha mkataba, pale mfanyakazi alipotarajia kwa haki, kunaweza kuchukuliwa kuwa ni uachishaji usio wa haki. Mwisho inaweka sharti: anayedai alikuwa na matarajio ndiye atakayeonyesha msingi wake, kwa mfano kuhuishwa kwa mikataba iliyotangulia au ahadi za mwajiri.

Katika kesi ya kawaida ya kuachishwa kazi, kifungu cha 39 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri athibitishe kwamba alitenda haki. Mwalimu aliyefukuzwa katikati ya muhula anaingia kwenye shauri akiwa na nafuu hiyo. Yule ambaye mkataba wake umeachwa ufe anaanza nyuma ya mstari, maana lazima kwanza athibitishe kwamba kuna kuachishwa kazi kokote kulikotokea. Akishindwa hapo, swali la sababu na utaratibu halifikiwi. Mmiliki wa shule anayejua hivyo atasubiri Desemba kwa uvumilivu, hata kama hasira yake na mwalimu huyo ni ya mwezi Mei.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Fizikia na Hisabati katika sekondari ya bweni. Amesaini mikataba ya mwaka mmoja mmoja, mitano mfululizo, na mara zote karatasi imeletwa Februari au Machi akiwa ameshaanza kufundisha. Mwezi Oktoba mwalimu wa taaluma anabandika mgawanyo wa vipindi vya mwaka unaofuata, na jina lake lipo kwenye Fizikia ya Kidato cha Tatu na cha Nne. Amepangwa kuwa mwalimu wa darasa. Ameambiwa awasilishe azimio la kazi la mwaka mpya kabla ya kufunga shule. Kwenye kundi la WhatsApp la walimu, mkuu wa shule ametangaza tarehe ya walimu wote kuripoti. Tarehe 20 Desemba inakuja barua.

Mwalimu huyu ana kesi. Mikataba iliyohuishwa mfululizo ni msingi uliotajwa na kanuni yenyewe. Mgawanyo wa vipindi na agizo la azimio la kazi ni mwenendo wa mwajiri anayepanga mwaka ujao akiwa naye. Tangazo la kuripoti, likisomwa pamoja na hayo mengine, linakaribia sana kuwa ahadi. Na ile desturi ya kusainisha mikataba mwezi mmoja au miwili baada ya kazi kuanza inaonyesha kwamba pale shuleni kuendelea ndiyo ilikuwa kawaida na karatasi ilifuata baadaye.

Sasa mweke pembeni yake mwalimu mwingine mwenye mkataba mmoja tu wa miezi kumi na miwili, aliyeandikiwa mapema Septemba kwamba mchepuo wa biashara unafungwa. Amefundisha kwa moyo, wanafunzi wake wanampenda, matokeo ya NECTA ya somo lake yamepanda. Inauma kuliandika hili, lakini bidii na matokeo mazuri peke yake hayajengi matarajio kisheria. Yanaweza kumfanya astahili kuendelea, na mwajiri mwenye busara angemwongezea mkataba. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, hata hivyo, itamuuliza swali jingine: shule ilifanya nini au ilisema nini kukufanya uamini kwamba utaendelea? Walimu wengi wanafika mbele ya msuluhishi wakiwa na bahasha ya matokeo ya mitihani, na hawana hata nakala ya mkataba wa mwaka juzi.

Nakala ni suala la kulipigania mapema. Katika shule nyingi mwalimu husaini nakala moja, ikaingia kwenye faili, akaambiwa yake ataletewa. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Na mwajiri akishindwa kutoa mkataba au maelezo hayo kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye. Kwa hiyo mwalimu asiye na nakala asikate tamaa. Aseme wazi kwamba aliyetakiwa kuitoa ni mwajiri. Lakini mwenye nakala yuko mahali pazuri zaidi, na simu ya mkononi inapiga picha ya kurasa nne kwa dakika moja siku ileile ya kusaini.

Ujumbe wa simu pia ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilishafungua njia ya kumbukumbu za kielektroniki kupokelewa mahakamani, mradi mtu aweze kueleza zimetoka wapi na zimetunzwaje. Jambo dogo la kukumbuka ni kwamba barua ya Desemba mara nyingi huja pamoja na kuondolewa kwenye kundi la walimu. Asiyehifadhi matangazo ya Oktoba na Novemba mapema anaweza kujikuta hana kitu, na wenzake waliobaki ndani, wakihofia mikataba yao wenyewe, hawatamtumia.

Kuna kifungu ambacho siku hizi kinakuwepo karibu kila mkataba wa shule: kwamba mkataba huu hautoi matarajio yoyote ya kuhuishwa. Wamiliki wanakiona kama kufuli. Mimi sikioni hivyo, ingawa sitakipuuza, maana maneno ambayo mtu ameyasaini yana uzito mbele ya msuluhishi yeyote. Kifungu hicho ni kauli moja ya mwajiri, na mwenendo wake ni kauli nyingine. Mwajiri aliyekiandika katika mikataba mitano, akahuisha mara nne mfululizo, tena akagawa vipindi vya mwaka wa sita, amejipinga kwa vitendo. Afrika Kusini, ambako maneno ya kifungu chetu yanafanana sana na ya Sheria yao ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 1995, Mahakama ya Kazi ilizungumzia suala hili mwaka 1999 katika kesi ya mhadhiri dhidi ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, Unisa. Ilitaja mambo ya kupimwa kwa pamoja: masharti ya mkataba, ahadi, desturi ya kuhuisha, kama nafasi bado ipo, sababu ya kuweka mkataba wa muda, na mwenendo wa mwajiri unaokinzana. Sharti la kwenye karatasi ni kipimo kimojawapo katika orodha hiyo. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi huo, lakini njia hiyo ya kupima ndiyo inayolingana na akili ya kanuni yetu.

Nije kwenye jambo linaloua kesi nyingi kuliko kifungu chochote cha mkataba, nalo ni siku thelathini.

Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 64, zinataka mgogoro wa kuachishwa kazi upelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Kwa mkataba ulioisha tarehe 31 Desemba, hesabu ya tahadhari inafunga mlango mwishoni mwa Januari. Sasa fikiria Januari ya mwalimu ilivyo. Ana watoto wake mwenyewe wa kupeleka shule, mshahara wa Desemba pengine haujalipwa, na ofisi ya meneja inamwambia asubiri, bodi haijakaa, tutakupigia. Anasubiri kwa heshima. Hataki kuonekana mgomvi mbele ya mtu anayeweza kubadili mawazo, na ambaye shule nyingine itampigia simu kumuulizia. Februari inaingia, anapigiwa, anaambiwa pole mwalimu.

Siku zimepita. Mazungumzo ya nje hayasimamishi muda wa kisheria. Anaweza kuomba kuongezewa muda, kwa Fomu Namba 2 na kiapo, akieleza amechelewa siku ngapi, kwa nini, na kesi yake ina uzito gani. Lakini sababu ya kwamba nilikuwa nasubiri uongozi ni dhaifu kila inapoletwa. Wenye shule wenye uzoefu wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana nasema tutakupigia ni neno la hatari kwa mwalimu. Kufungua mgogoro hakuzuii mazungumzo. Hatua ya kwanza ya CMA yenyewe ni usuluhishi, na maelewano yanaweza kufikiwa pale mezani, yakaandikwa na kusainiwa.

Kuhusu fomu yenyewe, Fomu Namba 1 ya CMA haina ada, na hailazimishi kuwa na wakili. Inapelekwa kwanza kwa mwajiri ili aisaini au kuwe na uthibitisho kwamba ameipokea, kisha inawasilishwa Tume. Ina sehemu ya nyongeza ya watu walioachishwa kazi tu. Mwalimu akiweka alama kwenye kuvunjwa kwa mkataba wakati madai yake ni kuachishwa kazi kwa kutohuishiwa mkataba, ataishi na alama hiyo hadi mwisho wa shauri, kwa sababu mahakama huwafunga watu kwenye yale waliyoyaandika mwanzo. Nashauri, kabla ya kujaza, mtu amwone wakili, msaidizi wa kisheria au kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi, hata kwa nusu saa. Mwalimu ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo ajue kwamba kifungu cha 35 kinamwondoa kwenye kinga hii ya uachishaji usio wa haki.

Walimu wa kike wana jambo jingine la kuzingatia. Mwalimu aliyekuwa na ujauzito au aliyetoka likizo ya uzazi, akaachwa Desemba wakati wenzake wote wamehuishiwa mikataba, asijifunge kwenye hoja ya matarajio peke yake. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kazini, na ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia vimetajwa kwa majina. Hapo akionyesha dalili za awali kwamba kulikuwa na ubaguzi, mwajiri ndiye anayetakiwa kujieleza. Kwake, orodha ya waliohuishiwa mikataba inaweza kuwa na thamani kuliko mikataba yake mwenyewe.

Na kuna wale wanaoitwa Januari na kupewa mkataba mpya wenye mshahara uliokatwa theluthi, waambiwe wasaini au waondoke. Sheria imesema masharti yaleyale au yanayofanana. Mkataba uliopungua namna hiyo si ule uliotarajiwa, na anayeukataa hajakataa kazi. Ajibu kwa maandishi, kwa upole, kwamba yuko tayari kuendelea kwa masharti ya awali.

Hata pale ambapo hakuna hoja ya matarajio kabisa, mwalimu haondoki mikono mitupu. Anadai mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakuchukua, cheti cha utumishi, na kama aliajiriwa kutoka mahali pengine, gharama za kumrudisha alikotolewa pamoja na mizigo yake. Kile kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka wa utumishi hakilipwi pale mkataba unapokoma kwa muda wake tu. Asisaini karatasi ya kukiri kwamba amelipwa haki zote ilhali hajalipwa.

Wamiliki wa shule wana hoja yao, na ni hoja ya kweli. Ada ilipoondolewa kwenye sekondari za serikali mwaka 2016, baadaye ikaondolewa Kidato cha Tano na cha Sita, wazazi wengi walipiga hesabu upya. Shule inayopoteza mikondo miwili haiwezi kubaki na walimu walewale. Lakini sheria imeshawawekea njia: kifungu cha 38 kinaruhusu kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuendeshaji, kwa sharti la kutoa taarifa, kueleza sababu, na kushauriana na wafanyakazi au chama chao juu ya nani aondoke na kwa vigezo gani. Mkataba wa mwaka mmoja unatumika kukwepa mazungumzo hayo. Mwalimu wa Fizikia anaondolewa Desemba, wa Fizikia mwingine anaajiriwa Januari kwa mshahara mdogo, na hakuna aliyewahi kuulizwa kama idadi ya wanafunzi imeshuka kweli.

Wanaoumia si walimu peke yao. Mwalimu ambaye riziki yake inaamuliwa upya kila Desemba hawezi kuwaambia wakubwa wake kwamba bweni limejaa kupita kiasi, kwamba maabara haina kemikali, au kwamba mtoto wa mtu fulani hastahili kuvuka darasa. Anajifunza kunyamaza. Mzazi anayelipa ada ya mamilioni angependa kujua kwamba mtu anayekaa na mwanawe miezi tisa kwa mwaka amefundishwa kunyamaza.

Kanuni za jumla za mwaka 2017, Tangazo la Serikali Na. 47, zilijaribu kusaidia kwa kuweka kwamba mkataba wa muda maalumu wa mtaalamu usipungue miezi 12. Zilizuia mikataba ya miezi mitatu mitatu, na hilo ni jema. Lakini kima cha chini kikageuka kuwa kipimo cha kila mtu, na mkataba wa mwaka ukawa ndio mkataba wa mwalimu. Afrika Kusini walifika hapa kabla yetu. Mahakama yao ya Rufani ya Kazi ilipoamua, katika shauri la Chuo Kikuu cha Pretoria, kwamba sheria kama ilivyokuwa haimsaidii anayetarajia ajira ya kudumu, Bunge lao liliirekebisha mwaka 2014. Wakaongeza matarajio ya ajira ya kudumu, na kwa wafanyakazi wa kipato cha chini wakaweka kwamba mkataba wa muda unaozidi miezi mitatu bila sababu ya msingi huhesabiwa kuwa ajira isiyo na kikomo.

Sidai tunakili hayo yote. Ninachokiona kinawezekana ni kidogo zaidi: kanuni ya 4 iongezewe maneno kwamba mkataba ukishahuishwa mara mbili kwa kazi ileile, matarajio yachukuliwe kuwa yapo, na mwajiri ndiye aonyeshe kwa nini hayakuwepo. Iongezwe pia kwamba asiyekusudia kuhuisha atoe taarifa ya maandishi yenye sababu angalau miezi mitatu kabla, ili mwalimu ajue Septemba, wakati shule nyingine zinapotafuta walimu wa Januari. Hizo ni kanuni za Waziri mwenye dhamana ya kazi, hazihitaji muswada wa kupelekwa Dodoma. Vyama vya walimu, ambavyo nguvu zao kwa miaka mingi zimeelekezwa kwa walimu wa serikali wenye ajira za kudumu, vina uwezo wa kulibeba jambo hili.

Mpaka hapo, mwalimu aandike barua yake mwezi Oktoba. Aya mbili zinatosha: mkataba wangu unaisha tarehe fulani, nimepangiwa vipindi hivi vya mwaka ujao, naomba kujua kwa maandishi kama utahuishwa. Aipeleke kwa mkuu wa shule, nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa, aiweke nyumbani.